Kagua seramu ya uso kuanzia mkiani: mwongozo kamili wa kusoma viambato

Nilipoanza kutumia seramu nilikuwa nasoma upande wa mbele wa chupa tu. Mbele kulikuwa na jani la kijani, neno "asilia" na ahadi ya siku 14. Seramu iliyoniunguza mashavu kuliko zote ilikuwa na mafuta ya mimea tisa, na haikuwa na hata kimoja kati ya vile viambato ambavyo watu huonyana mitandaoni. Siku ya tatu uso uliwaka, siku ya tano vikatoka vipele, nami nikaendelea kupaka kwa sababu muuzaji aliniambia ngozi "inatoa sumu". Ngozi haikuwa inatoa chochote. Ilikuwa inaomba msaada.

Tangu hapo nageuza chupa kwanza, na naanza kusoma orodha kutoka mwisho kurudi mwanzo. Sababu utaiona mbele kidogo. Kwa sasa shika hili: kuuliza "je, kiambato hiki ni kibaya?" hakukufikishi mbali. Paracelsus, tabibu wa karne ya 16, alishasema kwamba kinachofanya kitu kiwe sumu ni kiasi chake. Kwa seramu ongeza mambo mawili: ngozi ya nani, na inakaa usoni kwa muda gani. Sabuni huoshwa baada ya nusu dakika, lakini seramu hubaki usoni usiku kucha, na kesho unaongeza nyingine.

Kabla ya viambato, chupa yenyewe

Hatua hii ni fupi ila huwa inaokoa watu wengi. Tafuta mambo manne: jina na anwani ya mtengenezaji au mwagizaji anayewajibika, namba ya toleo la uzalishaji, tarehe ya mwisho au kile kialama cha kopo lililofunguka chenye maandishi kama 6M au 12M (yaani miezi ya kutumia baada ya kufungua), na orodha kamili ya viambato. Orodha ikikosekana, au ikiwa imeandikwa "mchanganyiko maalumu" na kuishia hapo, hakuna cha kukagua. Rudisha chupa.

Kama kuna boksi, linganisha orodha ya boksi na ya chupa. Zikitofautiana, au majina yakiwa na makosa ya tahajia, huenda una bidhaa bandia mkononi, na uchambuzi wote utakaofuata utakuwa wa bidhaa usiyonayo.

Orodha imepangwaje

Majina ya viambato kwenye vipodozi hufuata mfumo mmoja wa kimataifa uitwao INCI, ndiyo maana yanafanana karibu kila uendako. Maji huandikwa Aqua au Water, na mimea mara nyingi huandikwa kwa jina lake la Kilatini. Kanuni ya mpangilio ni hii: kilicho kingi zaidi kwa uzito hutangulia, kisha kinachofuata, mpaka kufikia asilimia 1. Vyote vilivyo chini ya asilimia 1 mtengenezaji anaruhusiwa kuvipanga apendavyo.

Hapo kwenye asilimia 1 ndipo biashara inapochezea. Chukua orodha hii niliyoitunga kwa mfano:

Aqua, Niacinamide, Glycerin, Propanediol, Sodium Hyaluronate, Phenoxyethanol, Panthenol, Centella Asiatica Extract, Xanthan Gum, Parfum, Ethylhexylglycerin, Disodium EDTA, Citric Acid, Linalool, Limonene.

Mtengenezaji hakuandika mstari wa asilimia 1 uko wapi, lakini unaweza kuukisia. Tafuta Phenoxyethanol, kihifadhi ambacho Umoja wa Ulaya umekiwekea ukomo wa asilimia 1. Ikiwa bidhaa inafuata kanuni hizo, kila kilichoandikwa nyuma yake ni asilimia 1 au pungufu. Mstari wenyewe unaweza kuwa mapema zaidi. Sodium Hyaluronate, aina ya asidi ya haiyaluroni, hufanya maji yawe mazito kama ute hata ikiwa kidogo, kwa hiyo seramu inayotiririka vizuri kwa kawaida ina chini ya asilimia 1 ya kiambato hicho. Kwenye mfano wetu, basi, mstari huenda unapita kabla ya jina la tano.

Sasa tazama Centella Asiatica. Tuseme ndiyo iliyochorwa mbele ya chupa kwa rangi ya kijani. Iko nyuma ya kihifadhi. Inaweza kuwa asilimia 0.9, inaweza kuwa 0.001, na orodha haina njia ya kukuambia. Hilo ni suala la thamani ya pesa yako, si la usalama.

Usalama una jiografia yake. Maji na gliserini vilivyo juu havijamtisha mtu. Manukato, vihifadhi na vizio (vitu vinavyoamsha mzio) vinakaa chini, na kizio hakihitaji wingi ili kiamshe mwili wako. Kwenye mfano wetu vitu vitatu vinavyoweza kumsumbua mwenye ngozi nyeti ni Parfum, Linalool na Limonene, na vyote viko mkiani. Ndiyo maana naanzia huko.

Vitu visivyo na mjadala

Kuna viambato ambavyo ukiviona huhitaji kuuliza kiasi. Weka chupa chini.

Cha kwanza ni zebaki. Hujificha kwenye bidhaa za kung'arisha ngozi kwa majina kama Mercury, Mercuric, Mercurous chloride, Calomel au Cinnabaris. Huharibu figo na mfumo wa neva, na hupenya ngozi bila kuuma. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, unalenga pamoja na mambo mengine kuiondoa kwenye vipodozi. Wanaoitia hawaiandiki kila mara, hivyo kuna dokezo moja zuri la kujua: onyo kwenye lebo kwamba usiache bidhaa iguse dhahabu, fedha, alumini au mpira. Seramu ya kawaida haina sababu ya kuogopa pete yako.

Cha pili ni haidrokwinoni, Hydroquinone. Ni dawa halali inayotibu madoa chini ya usimamizi wa daktari, lakini ikitumika ovyo kwa muda mrefu inaweza kuacha weusi wa kijivu na bluu ambao ni mgumu kuutoa. Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku kwenye vipodozi vya ngozi, na Marekani tangu 2020 haiuzwi kihalali bila cheti cha daktari.

Cha tatu ni steroidi, dawa za kutuliza uvimbe wa ngozi: Clobetasol propionate, Betamethasone na ndugu zao. Ngozi hung'aa haraka na watu husifu, kisha hukonda, mishipa huanza kuonekana, chunusi hutoka, na ukiacha ghafla uso hulipuka upya. Cha nne ni Tretinoin, inayojulikana pia kama Retinoic acid, ambayo ni dawa ya cheti na haina nafasi kwenye seramu ya rafuni.

Seramu inayoahidi kukubadilisha rangi ndani ya wiki moja naishuku hata kama orodha yake ni safi kama maji ya mvua. Matokeo ya kasi hiyo yana mwenyewe, na mwenyewe huyo mara nyingi hakutajwa.

Viambato amilifu: hapa kiasi kinahesabika

Hivi ndivyo ulivyonunulia seramu, na ndivyo vyenye nguvu ya kusaidia na ya kuumiza kwa pamoja. Mtengenezaji makini huandika asilimia yake. Asipoandika, muulize. Jibu la "ni siri ya kiwanda" kuhusu asidi unayopaka karibu na macho halikubaliki.

Retino, aina ya vitamini A inayoandikwa Retinol kwenye lebo, ndiyo ninayokagua kwa ukali zaidi. Kanuni mpya za Umoja wa Ulaya, zilizopitishwa mwaka 2024, zimeweka ukomo wa asilimia 0.3 kwa bidhaa za uso. Chupa inayojitapa kuwa na asilimia 1 imezidi kiwango hicho zaidi ya mara tatu. Anayeanza aanzie chini ya 0.3, usiku tu, mara mbili kwa wiki. Mjamzito, au anayetafuta ujauzito, aache jamii nzima ya retino: Retinol, Retinal, Retinyl palmitate na Hydroxypinacolone retinoate. Ushahidi wa madhara unatokana hasa na retinoidi zinazomezwa, lakini madaktari hushauri kutothubutu, na mimi nakubaliana nao, kwa sababu madoa yanaweza kusubiri miezi tisa.

Asidi za kubandua, kama Glycolic acid na Lactic acid, zinahitaji namba mbili: asilimia na pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi. Jopo la wataalamu la Marekani linalokagua viambato vya vipodozi, CIR, lilihitimisha kuwa asidi hizi ni salama kwenye bidhaa za kutumia nyumbani zikiwa hazizidi asilimia 10, na pH isiwe chini ya 3.5. Kadiri pH inavyoshuka ndivyo asidi inavyong'ata. Asilimia 8 kwenye pH 3 inaweza kuchoma kuliko asilimia 10 kwenye pH 4. Asidi hizi pia huifanya ngozi iungue upesi kwa jua, kwa hiyo bila mafuta ya kukinga jua usizianze. Asidi ya salisiliki, Salicylic acid, ukomo wake Ulaya kwenye bidhaa ya uso ni asilimia 2, na ndicho kiwango cha juu utakachokuta pia kwenye bidhaa za chunusi za Marekani.

Kwa wanaotibu madoa: Kojic acid ukomo wake Ulaya ni asilimia 1, na Alpha-arbutin ni asilimia 2 kwa uso.

Vitamini C halisi ni Ascorbic acid. Hufanya kazi vizuri kati ya asilimia 10 na 20 kwenye pH ya chini, kwa hiyo kuchoma kidogo mwanzoni si ajabu. Hatari yake ni ndogo, uchokozi wake ni mwingi. Niasinamaidi ni mpole, na asilimia 2 hadi 5 inawatosha wengi. Mtindo wa kuweka 10 au 20 umeleta wekundu kwa watu ambao wangefurahia 4.

Manukato, na ulaghai wa neno "asilia"

Neno Parfum au Fragrance ni mlango mmoja wenye vyumba vingi nyuma yake. Sheria humruhusu mtengenezaji kuficha humo makumi ya viambato. Umoja wa Ulaya umepunguza giza hilo: vizio vya manukato vinavyofahamika lazima vitajwe kwa jina vikizidi asilimia 0.001 kwenye bidhaa inayobaki kwenye ngozi. Orodha ya mwanzo ilikuwa na vizio 26, na mwaka 2023 ilipanuliwa kupita 80. Linalool, Limonene, Geraniol, Citral, Eugenol na Cinnamal ni miongoni mwavyo.

Vingi kati ya hivyo vinatoka kwenye mimea. Mafuta ya mrujuani yamejaa linalooli, mafuta ya maganda ya machungwa na ndimu yamejaa limonini, karafuu ina eujenoli. Zaidi ya hapo, linalooli na limonini zikikutana na hewa hugeuka kuwa viambato vingine vinavyoamsha mzio kwa nguvu kuliko zenyewe zikiwa mbichi. Chupa ya kudondoshea unayoifungua kila usiku inavuta hewa kila usiku. Hapo ndipo hadithi ya mashavu yangu inapoanzia, na hapo ndipo "haina manukato" inapodanganya: bidhaa inaweza kukosa Parfum na bado ikajaa Lavandula angustifolia oil.

Mafuta ya bergamoti, Citrus bergamia, yana shida ya ziada. Yanaweza kubeba bergapteni, kiambato kinachochoma ngozi na kuacha alama nyeusi jua likikipiga. Kwenye seramu ya asubuhi sina subira nayo.

Je, kila mtu akwepe manukato? Hapana. Wengi huyatumia miaka yote bila tatizo. Ila mzio wa manukato ukishajengeka hauondoki, na seramu haihitaji kunukia ili ifanye kazi. Kati ya chupa mbili zinazolingana, chukua isiyonukia.

Vihifadhi vinasingiziwa

Kitu chenye maji bila kihifadhi ni bustani ya bakteria na kuvu. Seramu ya maji inayojisifu "haina kihifadhi chochote" inanitisha kuliko yenye parabeni, jamii ya vihifadhi vinavyoogopwa sana, isipokuwa iko kwenye chombo kisichoingiza hewa kabisa au ni ya mafuta matupu yasiyo na tone la maji.

Parabeni zilichafuka jina baada ya utafiti wa 2004 kuzikuta ndani ya vivimbe vya saratani ya matiti. Kuzikuta humo hakukuthibitisha kwamba ndizo zilizosababisha. Umoja wa Ulaya mwaka 2014 ulipiga marufuku tano kati yake na kubana Propylparaben na Butylparaben kwa jumla ya asilimia 0.14, huku Methylparaben ikibaki inaruhusiwa mpaka asilimia 0.4. Wataalamu wa mzio wa ngozi wa Marekani walizipa mwaka 2019 taji la "kisicho kizio" cha mwaka, utani wenye ujumbe mzito: watu walizikimbia parabeni wakaangukia vihifadhi vinavyowasha zaidi.

Kinara wa hivyo vinavyowasha ni Methylisothiazolinone. Kilisababisha wimbi kubwa la mzio, na tangu 2017 Ulaya haikiruhusu kabisa kwenye vipodozi vinavyobaki kwenye ngozi. Ukikikuta kwenye seramu, pamoja na nduguye Methylchloroisothiazolinone, mtengenezaji huyo amelala. Angalia pia vinavyoachia fomaldihaidi kidogo kidogo: DMDM hydantoin, Imidazolidinyl urea, Diazolidinyl urea. Si hatari kwa kila mtu, lakini mwenye mzio wa fomaldihaidi avikwepe.

Jambo dogo kuhusu alkoholi, kwa sababu huulizwa sana: Alcohol denat. ikiwa kati ya majina matano ya kwanza inaweza kukausha. Cetyl alcohol na Cetearyl alcohol ni viungo vya mafuta vinavyolainisha, majina tu ndiyo yamewaponza.

Hakiki majina usiyoyajua

Usitegemee programu ya simu inayokupa alama nyekundu au kijani. Nyingi huhukumu kiambato bila kujua kimewekwa kiasi gani, na bila kiasi hukumu haina miguu. Tafuta jina kama lilivyoandikwa kwenye CosIng, hifadhidata ya bure ya Umoja wa Ulaya inayoonyesha kama kiambato kimepigwa marufuku au kina ukomo. Kisha tafuta ripoti ya CIR au maoni ya SCCS, kamati ya kisayansi ya usalama wa walaji ya Ulaya. Hizi huandika asilimia iliyopimwa, na asilimia ndiyo unayoitafuta.

Maneno kama "hypoallergenic" yasikutulize. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, inakiri kwamba hakuna kiwango cha kisheria kinacholifafanua. "Imepimwa na wataalamu wa ngozi" nako hakukuambii walipima watu wangapi wala walikuta nini.

Jaribu kwenye mkono

Karatasi imemaliza kazi yake, sasa ngozi iseme. Watu wengi hupaka tone nyuma ya sikio, wakangoja nusu saa, wakaridhika. Nusu saa hukuonyesha mwasho wa papo hapo tu. Mzio wa kugusa huchukua siku mbili au tatu kujitokeza kwa mtu ambaye mwili wake tayari unakijua kizio, na kwa mtu mgeni unaweza kuhitaji wiki mbili. Ndiyo sababu Chuo cha Madaktari wa Ngozi cha Marekani hushauri kupaka sehemu ileile, ndani ya kiwiko kwa mfano, mara mbili kwa siku kwa siku 7 hadi 10.

Paka kiasi kilekile utakachopaka usoni, upana wa sarafu. Bidhaa ya asidi au retino inaweza kuwasha mkono hata bila mzio, kwa hiyo mwasho hafifu unaokwisha ndani ya dakika chache usikutie hofu. Wekundu unaodumu, uvimbe, vipele vyenye maji au kuwashwa kunakozidi kila siku ni jibu la hapana.

Mkono ukikubali, ingiza seramu hiyo peke yake usoni, usiku mmoja ndiyo mmoja hapana, kwa wiki mbili. Usianzishe bidhaa mbili kwa pamoja. Zikikuletea shida hutajua ipi ya kuishtaki. Na hata viambato vilivyo salama kimojakimoja vinaweza kuelemea ngozi vikirundikwa: retino na asidi ya glikoliki usiku uleule ni njia ya haraka ya kubandua uso wote. Mwenye pumu ya ngozi, au anayetumia dawa ya chunusi ya cheti, aonyeshe orodha kwa daktari au mfamasia kabla hata ya mkono.

Chupa ikishafunguliwa

Andika tarehe ya kufungua chini ya chupa kwa kalamu isiyofutika. Usiguse ngozi kwa kidondoshi, dondoshea kiganjani. Seramu ya vitamini C ikigeuka kutoka rangi ya maji au njano hafifu kuwa kahawia imeoksidika, na haifai tena. Harufu ya mafuta yaliyochacha, ukungu au utengano ambao haukuwepo mwanzo ni sababu ya kutupa hata kama tarehe bado.

Uso ukiwaka, osha kwa maji ya uvuguvugu, acha kila kitu isipokuwa mafuta laini yasiyonukia, na usijaribu "kuzoea". Uvimbe wa midomo au macho, au kupumua kwa shida, hospitali saa hiyohiyo. Chupa usiitupe: piga picha orodha na namba ya toleo, nenda nayo kwa daktari wa ngozi. Akikupima kwa vibandiko mgongoni atakutajia kizio kwa jina lake la INCI, na jina hilo liandike kwenye simu, maana ndilo utakalolitafuta mkiani mwa kila chupa utakayoigeuza baadaye.